Karen Spärck Jones na tuzo ya wanaopima: hotuba kwa watafiti chipukizi

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na ninyi vijana wa shahada ya kwanza mliobanana kule nyuma, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie tuzo za kumbukumbu wanazopewa watafiti walio mwanzoni mwa kazi katika sayansi ya data. Ziko nyingi, na ningeweza kuzitaja moja baada ya nyingine mpaka jioni. Nimechagua moja, kwa sababu nataka tumfahamu vizuri mtu ambaye tuzo hiyo ina jina lake. Ni Tuzo ya Karen Spärck Jones. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya mama huyo kufariki, na kikundi cha wataalamu wa utafutaji wa habari, yaani namna kompyuta inavyopata nyaraka zinazojibu swali la mtu, kilichomo ndani ya BCS, chama cha wataalamu wa kompyuta cha nchi hiyo. Humwendea mtafiti chipukizi aliyeusogeza mbele uelewa wetu wa utafutaji wa habari au uchakataji wa lugha kwa njia ya majaribio. Wa kwanza kuipata, mwaka 2009, ni Mirella Lapata wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 2016 ilikwenda kwa Jaime Teevan wa Microsoft. Mshindi hualikwa kuhutubia ECIR, mkutano mkubwa wa fani hii barani Ulaya.

Sharti hilo la majaribio ndilo lililonivuta. Siku hizi mtafiti kijana anaulizwa amechapisha makala mangapi, na katika jarida gani. Tuzo hii inamuuliza swali gumu zaidi: ulichodai, ulikipimaje? Na aliyepewa heshima ya jina la tuzo aliishi na swali hilo maisha yake yote ya kazi.

Karen alizaliwa tarehe 26 Agosti 1935 mjini Huddersfield, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia, mama yake Mnorwei. Alikwenda Cambridge, chuo cha Girton, akasoma historia. Narudia kwa ajili ya wenzetu wa Idara ya Kiswahili waliokuja leo kwa kusitasita: alisoma historia, akaongeza mwaka wa falsafa, kisha akafundisha shule kwa muda mfupi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliingia katika kikundi kidogo cha utafiti wa lugha kilichoongozwa na mwanafalsafa Margaret Masterman. Kikundi hicho kilishughulika na tafsiri ya mashine na maana za maneno wakati kompyuta moja ilikuwa inajaza chumba, na data ililazimika kutobolewa kwenye kadi. Tasnifu yake ya 1964 ilihusu namna mashine inavyoweza kuyapanga maneno yenye maana zinazokaribiana. Ilichapishwa kama kitabu mwaka 1986, miaka 22 baadaye. Wale mnaolalamika kwamba msimamizi amekaa na sura yenu ya pili tangu Pasaka, lifikirieni hilo.

Kazi iliyomfanya akumbukwe ilitoka mwaka 1972 katika jarida liitwalo Journal of Documentation. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaitumia kila siku kupitia mstari mmoja wa programu bila kujua imetoka kwa nani.

Chukueni swali ambalo mkulima wa Mkuranga anaweza kuliandika kwenye simu yake: dalili za batobato kwenye mihogo. Maneno matano. Mashine haijawahi kushika jembe. Itajuaje ni neno lipi kati ya hayo matano la kulishikilia? Jibu la Karen lilikuwa kuhesabu nyaraka. Tuchukulie tuna nyaraka milioni 1 za Kiswahili. Neno "za" limo karibu katika zote. Tuseme "dalili" limo katika 100,000, "mihogo" katika 10,000, na "batobato" katika 100 tu. Gawanya idadi ya nyaraka zote kwa idadi ya zile zenye neno husika, kisha tafuta logi ya jibu. Kwa kizio cha 10, "za" inapata karibu 0, "dalili" inapata 1, "mihogo" 2 na "batobato" 4. Nyaraka inayotaja batobato itapanda juu, na ile yenye "za" mia tatu haitapata faida yoyote. Hakuna aliyeifundisha mashine kwamba batobato ni ugonjwa. Imetosha kujua kwamba neno hilo huandikwa mahali pachache.

Kabla yake, wapo walioona kwamba dawa ni kuyafuta kabisa maneno yanayojirudia sana. Yeye alionyesha kwamba ukiyafuta unapoteza nyaraka ambazo mtafutaji alizihitaji. Yaache yafanye kazi yake, lakini yapunguzie uzito. Na hakulisema kwa ubingwa wa kusema. Alilijaribu kwenye makusanyo matatu ya nyaraka yaliyokusanywa na watu tofauti, madogo sana kwa viwango vya leo, nyaraka za mamia tu, akaonyesha kwamba matokeo yanaboreka katika yote matatu. Ndiyo maana kanuni ile imeishi. Mwaka 1976 yeye na Stephen Robertson waliipa msingi wa nadharia ya uwezekano, na kutoka hapo, katika miaka ya 1990, Robertson na wenzake wa London wakatengeneza kanuni ya BM25, inayozingatia pia neno limejirudia mara ngapi ndani ya waraka na waraka wenyewe una urefu gani. BM25 ndiyo inayoendesha Lucene hadi leo, programu huria iliyo chini ya mifumo mingi ya utafutaji mnayoijua.

Najua vijana mtaniambia: Mwalimu, sasa kuna mitandao ya neva, programu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano mingi, nani anahesabu maneno? Mwaka 2021 watafiti walikusanya data za majaribio za aina 18 chini ya jina BEIR, wakailinganisha BM25 na mifumo mipya ya neva kwenye mada ambazo mifumo hiyo haikufunzwa. BM25 ilisimama imara, ikaishinda mingi kati yake. Mifumo mipya imeendelea kuboreka tangu hapo, na ninaifurahia. Lakini tunajua kwamba imeboreka kwa sababu kuna kitu cha kuipimia.

Hicho cha kupimia ndicho mada yangu hasa ya leo. Kwa lugha ya fani kinaitwa mkusanyo wa majaribio, na kina sehemu tatu: nyaraka, maswali, na hukumu za watu waliosoma wakasema huu unajibu swali, huu haujibu. Katika miaka ya 1960 Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha usafiri wa anga cha Cranfield, alitengeneza mkusanyo wa nyaraka 1,400 na maswali 225. Ulitumika ulimwenguni kwa miongo kadhaa. Karen aliona mapema kwamba makusanyo madogo ya namna hiyo hayatoshi. Mwaka 1975, akishirikiana na Keith van Rijsbergen, aliandika ripoti akieleza mkusanyo bora ungekuwaje. Humo mlikuwa na pendekezo ambalo kwangu ni la kipaji kikubwa. Ikiwa nyaraka ni nyingi mno kiasi kwamba hakuna binadamu atakayezisoma zote, endesha mifumo mingi tofauti kwa swali lilelile, chukua majibu ya juu ya kila mfumo, yaweke pamoja, kisha wape watu wasome hayo tu. Waraka usioletwa na mfumo wowote unahesabiwa kwamba haujibu. Kuna hatari ndani yake, kwa sababu mfumo mpya kabisa unaweza kuleta waraka mzuri ambao hakuna aliyewahi kuuona. Hata hivyo bila njia hiyo tusingepima chochote kikubwa. Uingereza haikuujenga mkusanyo huo. Wamarekani ndio waliokuja kuitumia njia hiyo kwa ukubwa uliotakiwa, kupitia taasisi yao ya vipimo na viwango, NIST, ilipoanzisha TREC, mkutano wa kila mwaka wa kupima mifumo ya utafutaji, mwaka 1992.

Sokoni hatukubali kununua nyama kwa muuzaji asiye na mizani, hata awe na sauti nzuri kiasi gani. Katika teknolojia ya Kiswahili tumekuwa tukinunua hivyo kwa muda mrefu. Mtu anasimama na kusema mfumo wake "unaelewa Kiswahili", tunapiga makofi, tunarudi nyumbani.

Niwe mkweli kuhusu kilichopo, kwa sababu kipo. TyDi QA ya mwaka 2020 ilikusanya maswali na majibu katika lugha 11, Kiswahili kikiwemo, na juu yake yakajengwa makusanyo ya utafutaji, Mr. TyDi na MIRACL. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa CIRAL wenye Kihausa, Kisomali, Kiswahili na Kiyoruba. Hizi ni kazi za heshima, na waliozifanya wamezitoa bure. Lakini tazameni zimejengwa juu ya nini. Mr. TyDi na MIRACL zinasimama juu ya Wikipedia. CIRAL ina makala za habari za Kiswahili, ila maswali yake ni ya Kiingereza. Mkulima wetu wa batobato hayumo humo. Hayumo mama anayetafuta hukumu ya mirathi, ingawa sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu na sasa hukumu za Kiswahili zinaandikwa. Hayumo mwandishi wa habari anayetaka kujua mbunge wake alisema nini kuhusu maji, ingawa Taarifa Rasmi za Bunge letu ni hazina kubwa ya Kiswahili kinachosemwa na watu wa kila mkoa.

Halafu kuna jambo la lugha yenyewe, ambalo wenzetu wa Kiswahili wanalijua kuliko sisi wa kompyuta. Kanuni ya 1972 ilipimwa kwenye Kiingereza. Kiingereza huongeza viambishi vingi mwishoni, na tangu mwaka 1980 kuna programu mashuhuri ya Martin Porter inayokata hiyo mikia. Ukiileta kwetu haina la kufanya. "Muhogo" na "mihogo" vinatofautiana mwanzoni, na mashine inayahesabu kuwa maneno mawili yasiyojuana. Kitenzi ndiyo zaidi: tunapanda, walipanda, hawajapanda, iliyopandwa, atakapoipanda. Kila umbo linahesabiwa peke yake. Kwa hiyo umbo kama "atakapoipanda", ambalo halina habari yoyote ya pekee, linaonekana adimu kuliko hata batobato, na kanuni inalipa uzito mkubwa. Yaani kile kilichoiokoa mashine katika Kiingereza kinaweza kuipoteza katika Kiswahili.

Tufanyeje? Wapo watakaosema tuvunje kila neno mpaka kwenye mzizi, na msingi wa hilo upo, kwani Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ametumia miaka mingi kujenga mfumo wa kuchanganua maumbo ya Kiswahili. Lakini ukivunja mpaka mzizi, kupanda mbegu na kupanda basi vinaangukia kapu moja. Wapo watakaosema tukate maneno vipande vya herufi nne nne au tano tano, tuhesabu vipande. Wapo watakaosema tuiachie mitandao ya neva ijikatie yenyewe. Nimeyasikia mabishano haya kwenye makongamano, watu wazima na shahada zao wakibishana kwa nguvu za mapafu. Hayamalizwi kwa hoja. Yanamalizwa kwa nyaraka, maswali na hukumu, na matokeo yaliyowekwa mezani ili yeyote ayarudie.

Hiyo ni kazi ya mtafiti chipukizi, na ni kazi ambayo mtu wa Toronto au Seattle hataifanya vizuri kuliko ninyi. Itaanza kwa kukusanya maswali halisi kutoka kwa watu halisi, kwa ridhaa yao, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Swali lenye jina la mgonjwa au namba ya simu halipaswi kuingia kwenye data hata kama ni zuri kiasi gani. Maswali 50 yanatosha kuanzia, ndicho kiasi ambacho TREC imezoea kukitumia kwa mada moja kwa mwaka. Wasomaji wa kutoa hukumu wawe watu wanaoijua mada: afisa ugani kwa maswali ya kilimo, mwanafunzi wa sheria kwa hukumu za mahakama. Walipwe. Na sehemu ya nyaraka isomwe na watu wawili bila kuonyeshana, tuone wanakubaliana kiasi gani, maana wasiokubaliana watatufundisha kuhusu swali lenyewe.

Kazi hii inachosha. Haina picha ya kuvutia ya kuweka mtandaoni. Ndiyo hiyo aliyoifanya mwanamke ambaye tuzo hii inamkumbuka, na hapa nina neno kwa wakubwa wenzangu.

Karen Spärck Jones alifanya karibu yote niliyoyasimulia akiwa kwenye mikataba ya muda mfupi, mmoja unaisha, mwingine unatafutwa. Uprofesa aliupata mwaka 1999, akiwa amekwishavuka miaka 60. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza ACL, chama cha kimataifa cha wataalamu wa isimu ya kompyuta, mwaka 1994, na kuchaguliwa kuwa mwanachama wa British Academy mwaka 1995. Dunia ilimtambua kabla ya chuo chake kumpa kiti. Kumbukumbu ya maisha yake katika gazeti la New York Times ilitoka mwaka 2019, miaka 12 baada ya kifo chake, katika mfululizo wa watu waliosahauliwa na gazeti hilo. Alisema mara nyingi kwamba kompyuta ni jambo muhimu mno kuachiwa wanaume, na alilisema kwa wasichana waliokuwa na shaka kama nafasi yao ipo. Najua alikuwa na bahati pia: mume wake, Roger Needham, alikuwa mwanasayansi mkubwa wa kompyuta na mkuu wa maabara ya Cambridge. Wengi hawana Needham nyumbani. Kwa kila Karen aliyevumilia, wapo walioondoka, na hatuna tuzo za majina yao.

Kwa hiyo ninapoona hapa kwetu kijana amerudi na shahada ya uzamivu, na kesho yake tunamkabidhi madarasa matatu makubwa, mitihani ya kusahihisha mpaka usiku na kamati tano, naona uchungu. Miaka ile ya kwanza ndiyo anayoweza kujenga kitu kama mkusanyo wa majaribio, na tunaila. Kisha tunamshangaa miaka kumi baadaye hajachapisha. Tukitaka watu wetu waonekane kwenye orodha za tuzo, tuwape kwanza nusu ya wiki yao. Hilo linahitaji mkuu wa idara mwenye ujasiri na ratiba mpya, halihitaji mfadhili.

Na tuandike barua. Tuzo ya Karen Spärck Jones mtu hupendekezwa. Vivyo hivyo kwa nyingi za aina hii. Afrika yenyewe ina za kwake: Deep Learning Indaba, mkutano wa akili mnemba ulioanzia Johannesburg mwaka 2017 na kufika Nairobi mwaka 2019, hutoa tuzo ya tasnifu yenye jina la Thamsanqa Kambule, mwalimu wa hisabati aliyeongoza shule ya sekondari ya Orlando kule Soweto, na nyingine yenye jina la Wangari Maathai. Mlango huo uko karibu zaidi. Lakini kijana mnyenyekevu hatajisifu mwenyewe, malezi yetu hayamruhusu. Anayepaswa kumsifu ni wewe uliyesimamia kazi yake, na barua ya sifa haiandikwi usiku wa mwisho kwa kubadilisha jina kwenye barua ya mwaka jana. Eleza alipima nini, kwa njia gani, na nani mwingine ametumia data yake.

Mwenyekiti, nina ombi moja kabla sijakaa. Miradi ya mwaka wa mwisho inagawiwa mwezi ujao. Naomba Idara ya Kompyuta na Idara ya Kiswahili zitoe mradi mmoja wa pamoja: maswali 50 juu ya Taarifa Rasmi za Bunge, wanafunzi wawili kutoka kila upande, hukumu zikitolewa na kuwekwa wazi kwa yeyote atakayezitaka. Mimi nitakuwa msimamizi mmoja. Nahitaji wa pili kutoka Kiswahili, na nahitaji ajitokeze leo, kabla hatujaingia kwenye maswali.